Mita Kumi na Mbili Zilizoliwa na Mvua

Vijana wangu,

Mmeniandama tangu mfungo uliopita niandike namna nilivyofundisha mbio za mita mia nane na za elfu moja na mia tano hapa Bagamoyo, nami si mtu wa kuombwa mara tatu ajisifu. Basi kaeni. Vueni hivyo viatu vyenu vya rangi ya embe bivu, vidole vipate hewa. Nitaanza na mazuri yangu, kwa kuwa ni mengi, halafu nitawapa kosa moja. Kosa lenyewe lina urefu wa mita kumi na mbili.

Mimi Athumani, mtoto wa mkulima wa Mkange, ndiye mtu wa kwanza wa kijiji kile kupanda ndege kwa ajili ya miguu yake. Sikuwa na mjomba serikalini. Nilikimbia, nikaonekana, nikapelekwa Ujerumani, na huko nilipoona kwamba miguu yangu ni ya wastani, nikaamua kichwa changu kisiwe cha wastani. Nikaosha masufuria ya jikoni chuoni majira mawili ya baridi, nikajifunza lugha yao mikono ikiwa ndani ya povu, nikatoka na stashahada ya ualimu wa riadha. Stashahada, si cheti cha semina ya siku tatu. Ina mhuri unaosikika kwa kidole.

Nilirudi na begi moja, stopwochi tatu, na stashahada yangu ndani ya fremu, nimeiviringisha kwenye sweta nne ili kioo kisipasuke. Wenzangu walirudi na friji. Shangazi yangu, Bi Tunu, ambaye nilifikia kwake hapa mjini, alitazama ndani ya lile begi kwa muda mrefu.

"Athumani," akasema, "miaka minne Ulaya, unaniletea saa tatu ambazo hata kujua adhuhuri imeingia siwezi?"

Tangu siku hiyo akaniita Mdachi, yaani Mjerumani, na mji mzima ukamfuata. Sikukasirika. Mji huu ulishaona Wadachi wa kweli, wao walijenga boma. Mimi nilijenga uwanja wa kukimbilia.

Kabla sijafika huko kwenye uwanja, nataka mjue kwamba kazi hii tuliifanya bila hizo saa zenu zinazosema mapigo ya moyo na usingizi wa jana. Mapigo niliyapima kwa vidole viwili shingoni mwa mkimbiaji, nikihesabu sekunde kumi, nikizidisha kwa sita. Ratiba niliipanga kwa kufuata maji. Siku za bamvua, bahari ikitoka mbali, mchanga hubaki mgumu kama sakafu. Hapo tulikimbia mbio ndefu, mwendo wa kuongea. Nilimtaka kila mmoja asimulie alichokula jana, na aliyeshindwa kumaliza sentensi nilijua anakwenda kasi mno. Siku za maji mafu, ufukwe ukibaki mwembamba na laini, tulihamia uwanjani kwa mbio fupi za kasi. Kule chuoni hakuna aliyenifundisha hili. Nililitunga mwenyewe, na mpaka leo sijaona ratiba bora kuliko ya bahari, maana haichelewi wala haiumwi.

Mfungo nao ulikuwa na utaratibu wake. Tulifanya mazoezi mepesi saa moja kabla ya magharibi, ili mtu akihisi kiu, futari iwe karibu. Na futari yenyewe nilikuwa nikiikagua mlango kwa mlango. "Tende mbili, uji, kisha pumzika. Sambusa hazikimbii, ziache."

Mambo ya tumbo ndiyo yaliyoniaibisha mapema. Nilikuwa na mkimbiaji mmoja wa elfu moja na mia tano, Salumu, mtu mzima mwenye watoto wawili, kazi yake kupaa samaki sokoni. Nusu saa kabla ya shindano lake la kwanza alikunywa madafu matatu kwa sababu nilimwambia maji ni muhimu. Sikumwambia kiasi gani. Raundi ya pili ilipoanza, tumbo lake lilikuwa likipiga makofi kuliko watazamaji. Alimaliza wa mwisho, akaja kwangu ameinama, akasema, "Mwalimu, sikukimbia peke yangu. Tulikuwa mimi na bahari." Kwa hiyo nawaambieni: kunyweni mapema, kidogokidogo, na siku ya mbio msijaribu kitu ambacho hamjakijaribu siku ya mazoezi.

Na jambo la masikio. Kule Ujerumani alikuwepo mwalimu mmoja mzee aliyewatazama wakimbiaji wake kwa mgongo. Wakipita, yeye anageukia ukuta. Nilidhani ana maradhi ya macho, mpaka akanishika mabega na kunigeuza. "Sikiliza," akasema. Mkimbiaji anayechoka husikika kabla hajaonekana. Unyayo uliokuwa ukigusa na kuondoka huanza kukaa chini, kama mtu anayegoma kutoka kitini. Jifunzeni hilo. Macho yanadanganywa na sura ya mtu jasiri, masikio hayadanganyiki.

Sasa uwanja.

Mji ulikuwa na kiwanja cha mpira nje kidogo, upande wa barabara ya Mapinga, kikubwa, chenye nyasi, na mbuzi wake. Nikapewa ruhusa kuchora njia ya kukimbilia pembezoni. Futi ya kupimia ndefu sikuwa nayo, ila fundi mmoja wa nyumba aliniazima futi yake ya chuma ya mita tano kwa asubuhi moja. Nikanunua kamba ya katani, nikaipima kwa ile futi mara nne, nikafunga fundo kila mwisho: mita ishirini kamili. Ukiilaza mara ishirini, una mita mia nne. Hesabu safi. Jioni nikaiacha kamba uani kwa Bi Tunu, na masika yakashuka siku tatu mfululizo.

Siku ya nne ilikuwa manyunyu tu. Nikaokota kamba, nikachukua vigingi na ndoo ya chokaa. Bi Tunu alikuwa barazani akichambua mchele.

"Baba, kamba hiyo imelowa."

"Naona, Shangazi."

"Kamba ya katani iliyolowa si ile uliyonunua."

"Shangazi," nikasema, na Mungu anisamehe kwa sauti niliyoitumia, "jambo hili nimelisomea."

Akarudi kwenye mchele wake. "Haya, Mdachi. Uliyesomea."

Nilipima kutwa nzima. Mnajua nini kilichonihangaisha? Kanuni inataka njia ya kwanza ipimwe sentimita ishirini kutoka kwenye mstari wa ndani, kwa sababu mkimbiaji hakanyagi mstari. Nilitembea na rula mfukoni. Katika kila kona nilipiga magoti kwenye tope kuhakikisha sentimita zangu ishirini. Watu walisimama barabarani kunitazama, nami nikafurahi kutazamwa. Nilipomaliza na chokaa ikang'aa, nilijisemea kwamba kuanzia Dar mpaka Saadani hakuna raundi iliyopimwa kwa uangalifu kama hii.

Wiki hiyohiyo akaja Mwanahamisi.

Alitoka Mkange kwetu, binti wa Mzee Kondo, mkulima wa ufuta ambaye nilichunga naye mbuzi utotoni. Alikuwa na miaka kumi na minane, amemaliza kidato cha nne, na matokeo yake hayakutosha kumpeleka kokote. Ila alikuwa na miguu. Alikimbia na suruali ndefu nyeusi na mtandio uliobanwa kwa pini mbili, na nyayo zake hazikusikika kabisa. Nilimgeuzia mgongo kwenye mazoezi ya kwanza, nikadhani ameacha kukimbia. Kumbe alikuwa anapita nyuma yangu.

Mwaka ule shule moja ya bweni yenye kambi ya riadha ilitoa nafasi kwa wasichana wa mita mia nane, masomo na chakula bure. Sharti lilikuwa moja: umalize ndani ya dakika mbili na sekunde kumi na nne katika shindano mojawapo kati ya mawili yaliyopangwa Dar, la pili likifuata la kwanza kwa wiki nne. Mzee Kondo akaniletea binti yake mwenyewe, na maneno yake yakawa mafupi.

"Nakupa mpaka ufuta ukauke. Ufuta haungoji, unajua. Akipata hiyo shule, aende, nitashukuru. Asipopata, anarudi kuvuna, na habari ya kukimbia iishe. Sitaki mtoto wa kukaa mjini akizunguka kiwanja."

"Ndugu yangu," nikamwambia, "mimi nina stashahada."

"Nimesikia. Mji mzima umesikia."

Mwanahamisi alikuwa na tabia ya kuhesabu. Baba yake ndiye aliyekuwa akipimia watu mashamba kijijini kwa hatua, naye tangu mdogo alimfuata nyuma akihesabu. Akikimbia, midomo yake ilichezacheza. Wiki ya pili akanijia, mikono nyuma, kwa adabu.

"Mwalimu, samahani. Kule Dar, mashindano ya shule, raundi moja nilihesabu hatua mia mbili na kumi na sita. Hapa napata mia mbili na tisa au kumi."

Vijana, hapa ndipo mjue kwamba elimu ikiwa peke yake ndani ya kichwa huanza kupiga kelele kama njugu moja ndani ya kopo. Nilimcheka kwa furaha.

"Unajua maana yake? Hatua zako zimerefuka! Wiki mbili tu mikononi mwangu, na hatua zimeshakuwa ndefu. Nenda kamwambie baba yako."

Akainamisha kichwa. "Sawa, Mwalimu." Lakini aliitazama kona ya mbali kama mtu anayetazama chenji iliyopungua.

Miezi miwili nilimnoa. Stopwochi ikashuka: mbili na ishirini, mbili na kumi na sita, hatimaye mbili na kumi na mbili. Nikaanza kutembea mjini nikiwa nimenyoosha shingo. Nilimpa mpango wa mbio ambao alipaswa kuufuata kama swala: raundi ya kwanza kwa sekunde sitini na nne, kwa sababu ndivyo alivyofanya kwangu bila kuhema, kisha ashikilie.

Siku ya shindano la kwanza Mzee Kondo alikuja Dar, kanzu imepigwa pasi. Tulisimama pamoja kwenye uzio. Mwanahamisi akaongoza, akapita raundi ya kwanza kwa sitini na nne barabara, nikampiga kofi la mgongo baba yake kwa furaha. Mita mia mbili zilizofuata aliongoza bado. Kisha nikasikia nyayo zake. Mimi niliyekuwa sijawahi kuzisikia, nikazisikia: zinakaa chini. Kwenye kona ya mwisho wakampita watatu, kwenye njia nyoofu wakampita wengine wawili, akavuka mstari kwa mbili na ishirini na moja, akashika magoti.

Nilimfuata. Ningeweza kumpa maji. Badala yake nikampa maneno, tena mbele ya baba yake.

"Umeogopa! Umeona wasichana wa mjini na viatu vyao ukaogopa!"

Aliinua uso, anahema. "Nilipita kwa sitini na nne, Mwalimu. Kama ulivyosema."

"Basi ulipoteza moyo!"

Mzee Kondo alinishika mkono, taratibu. "Mwanangu hakuogopa. Nimemtazama. Ameishiwa. Kuogopa na kuishiwa ni vitu viwili, Athumani. Hata mwenye punda anavijua." Kisha akamfunika bintiye kanga mabegani. "Ufuta umeanza kukauka. Keshokutwa tunakwenda nyumbani."

Walikwenda. Mimi nikarudi kiwanjani kwangu, nikiwa na hasira na kila mtu isipokuwa mimi mwenyewe. Chokaa ilikuwa imefutika kwa mvua, nikaamua kuichora upya, maana mtu mwenye huzuni afanye kazi. Vigingi vilikuwa palepale. Nikachukua ileile kamba, iliyokuwa imekauka uani kwa wiki kadhaa huku Bi Tunu akianikia nguo, nikailaza kwa kufuata vigingi. Mara ya kumi na tisa nilikuwa nimekaribia mno nilipoanzia. Mara ya ishirini nikapita kigingi cha kwanza, nikaendelea, na fundo likaangukia mbele, mbali. Nikapima kilichozidi kwa rula yangu: mita kumi na mbili.

Nikarudi nyumbani nikifoka kwamba watu wamehamisha vigingi vyangu. Nikawataja wachunga mbuzi, nikawataja wacheza mpira. Bi Tunu alinisikiliza mpaka nikakaukiwa mate.

"Vigingi havina kosa," akasema. "Lete hiyo kamba. Kaazime tena na futi ya fundi."

Tukaipima: mita ishirini. Akaichukua, akaitumbukiza kwenye karai la maji, akaweka jiwe juu, akaniambia nikale. Nilikula wali sikuusikia ladha. Baadaye akaitoa, akanipa upande mmoja. Tukaipima tena. Mita kumi na tisa na sentimita arobaini.

"Mbuzi ukimfunga kwa katani," akasema Bi Tunu, "unamwachia nafasi shingoni, kwa sababu mvua ikinyesha kamba inakaza. Asiyejua hilo anaamka na mbuzi aliyenyongeka. Jambo hili linajulikana na kila mwanamke mwenye mbuzi wawili. Nilikwambia imelowa, baba."

Sentimita sitini mara ishirini. Nilikaa kwenye kizingiti cha mlango. Nikafikiria magoti yangu kwenye tope na rula yangu ya sentimita ishirini. Nikafikiria mia mbili na tisa. Sekunde sitini na nne za kiwanja changu zilikuwa sitini na sita za dunia. Nilimtuma binti wa watu akimbie mbio asizokuwa nazo, na alipoishiwa nikamwita mwoga. Mzigo huo wote ulikuwa wangu, na yeye ndiye aliyeubeba mpaka Mkange.

"Utafanya nini?" akauliza Bi Tunu.

"Nitamwandikia barua."

"Barua!" Akaondoka kwenda kukamua kamba. "Ulimtukana kwa barua?"

Kesho yake nikaenda Mkange. Niliwakuta shambani, ufuta umesimama na vitumba vinaanza kufunguka midomo. Mwanahamisi akaacha mundu, akaja.

"Shikamoo, Mwalimu."

Sikuweza kuitikia. Unaitikiaje marahaba kwa mtu uliyemdhulumu? Nikasema yote, nimesimama kwenye jua, kamba mkononi kama mwizi na kidhibiti. Nikasema, "Hukuogopa. Mimi nilipima vibaya. Uliniambia, na nikakucheka."

Aliitazama ile kamba. "Kwa hiyo hatua zangu hazikurefuka."

"Hazikurefuka."

"Mia mbili na kumi na sita ni zilezile."

"Zilezile."

Basi akacheka! Alicheka akaziba mdomo kwa mtandio. "Alhamdulillahi. Nilidhani kichwa changu kimeharibika."

Baba yake hakucheka. Aliiviringisha ile kamba vidoleni, akainusa, akanirudishia. "Athumani, wewe umezaliwa hapa. Hapa mtu hupima shamba lake mwenyewe?"

"Hapimi."

"Nani anapima?"

"Jirani."

"Na mwenye shamba?"

Nilikuwa nimeisahau desturi hiyo. Nilikuwa nimevuka nayo bahari nikaiacha huko. "Anashika upande wa pili wa kamba," nikasema, "na ananyamaza."

"Ananyamaza," akarudia Mzee Kondo. "Hapo ndipo penye shida yako."

Nikamwomba wiki tatu zilizobaki. Akaniashiria shamba. Vitumba vikifunguka kabla ya kukatwa, mbegu zote zinamwagika, na mwaka wa familia unakwenda na mchwa. "Anayemchukua mvunaji wangu," akasema, "avune yeye."

Nikavuna. Mimi, mwenye stashahada, siku sita, nikikata, nikifunga miganda, nikiisimamisha ikauke, mikono ikiwasha kama nimeshika upupu. Watu walikuja kutoka upande wa pili wa kijiji kuniona. "Mdachi, huko kwao wanavuna hivi?" "Mdachi, usikunje mgongo, stashahada itakatika!" Mwanahamisi alikuwa akikimbia kwenye kipande cha barabara kilichonyooka, ambacho baba yake alikipima kwa hatua, nami nikimpigia saa kutoka shambani, mundu mkono mmoja.

Wiki iliyofuata Mzee Kondo alikuja Bagamoyo. Tulikipima kiwanja upya, kamba kavu, jua kali. Yeye akapima, mimi nikashika upande wa pili. Alipomaliza kwa kamba, akakizunguka kwa hatua zake. Mara mbili nilitaka kusema jambo kuhusu sentimita ishirini. Bi Tunu, aliyekuja kutazama chini ya mwavuli, alinikata jicho mara mbili.

Mpango mpya tulipanga watu wawili, mimi na mkimbiaji. Raundi ya kwanza sekunde sitini na saba. Atakuwa nyuma, na nyuma si pabaya. Wanaokukingia upepo hawakutozi nauli. Asimpite mtu kwenye kona, kwa sababu anayepita kwa nje kwenye kona hukimbia mita za ziada bure. Aanze kusukuma ikibaki mita mia mbili. Nyasi zetu hula sekunde mbili tatu, na njia ya raba kule Dar huzirudisha. Yeye akaongeza lake: "Usinipigie kelele za saa, Mwalimu. Mimi nitahesabu hatua."

Siku ya shindano la pili nilisimama kwenye uzio uleule na Mzee Kondo. Bastola ikalia, nikabonyeza stopwochi, na nikagundua siwezi kutazama. Nikageuka, nikaukabili ukuta. Si kwa ufundi safari hii.

"Athumani, geuka."

"Siwezi. Niambie wewe."

"Nikuambie nini, mimi mkulima? Yuko nyuma. Wa saba."

"Sawa."

"Sawa nini? Wa saba!"

"Ndivyo tulivyopanga."

Kengele ya raundi ya mwisho ikalia. Mtu akataja sekunde sitini na saba. Nikafumba macho.

"Wa sita," akasema Mzee Kondo. "Wa tano. Huyu mwenye kaptula nyekundu anatapatapa kama kuku. Wa nne. Amekaa. Mbona amekaa nyuma yao?"

"Kona! Anangoja kona iishe!"

"Imeisha. Anatoka... Ya Rabi, anatoka! Athumani, mtoto anatoka! Wa tatu! Sukuma, mama! Sukuma!"

Walipopita nyuma ya mgongo wangu nilisikiliza. Nikasikia nyayo za wawili, nzito, zinakaa chini. Za wa tatu sikuzisikia kabisa. Hapo nikajua.

"Sasa!" akapiga kelele Mzee Kondo, nikabonyeza.

Alikuwa wa pili. Lakini nafasi ya pili haikuwa sharti. Sharti lilikuwa lile dude mkononi mwangu, nami sikuthubutu kulifungulia kiganja. Mzee Kondo akanibandua vidole, akalisogeza mbali na macho yake, akalisogeza karibu.

"Mbili," akasoma. "Kisha nukta mbili. Kisha kumi na... kumi na tatu."

Waamuzi nao wakasema kumi na tatu na ushei. Nilimlilia begani mtu niliyechunga naye mbuzi, kanzu yake ikalowa, na kwa bahati nzuri kanzu si katani.

Mwanahamisi akaja akitembea, mtandio umelegea pini moja, anahema lakini anatabasamu. Hakuniambia muda wake. Hakuniambia nafasi yake.

"Mwalimu," akasema, "mia nne na thelathini na mbili. Raundi mbili. Uwanja wa hapa umetimia."

Vijana wangu, nimewafundisha wengi baada yake, na baadhi walikuwa wepesi kuliko yeye. Siwafichi, mimi ni mwalimu mzuri sana. Lakini mnaponiuliza kwa nini sebuleni kwangu fremu ya stashahada imening'inizwa kwa kipande cha kamba ya katani badala ya waya, jibu ndilo hilo. Mvua ikinyesha hupanda juu kidogo, kiangazi hushuka. Bi Tunu, Mungu amrehemu, alikuwa akiitazama na kusema, "Leo imenyenyekea."

Mwanahamisi sasa ni mwalimu wa riadha Mapinga, ana stashahada yake, na yake ina mihuri miwili. Kila mwaka masika yakiisha na chokaa ikiwa mpya, huja kiwanjani kwetu. Hunisalimu kwanza, maana ana adabu. Kisha huvua viatu, hukizunguka kiwanja peke yake polepole, midomo ikichezacheza. Mimi hukaa kwenye benchi, nimeshika upande wangu, nimenyamaza. Ninyi mmemwona mkadhani anaomba dua.

Akifika alipoanzia husimama, hunitazama, na mimi, mzee mwenye stopwochi tatu, hungoja kama mwanafunzi mpaka aseme, "Kimetimia, Mwalimu."

Ndipo nawaita mje mkimbie.